Picha za Kuta Nzima

Mtaani kwake walimwita Bi Kisirani, wala hawakumwita kwa siri. Aliyetumwa kupiga picha ya pasipoti alisimama mlangoni akauliza, "Bi Kisirani yupo?" naye mwenyewe akajibu kutoka ndani, "Yupo, futa miguu." Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli, taa mbili na kioo kidogo cha kujitazamia nywele. Mteja akicheka pale alipotakiwa kutulia, alimzimia taa akamwacha akae vivyo hivyo mpaka uso urudi mahali pake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na hakuna ofisi hata moja iliyowahi kuirudisha picha yake.

Ukali ule hakuzaliwa nao wote. Kamera za filamu zilipoanza kuondoka, naye alinunua kamera ya kidijitali na kompyuta iliyokwisha tumika, akaweka humo harusi nzima ya binti wa jirani, picha mia tatu na kitu. Siku ya nne diski ya kompyuta ikaanza kugonga kwa ndani kama mtu anayetetemeka meno. Siku ya tano ikanyamaza. Fundi aliifungua, akaifunga, akamwambia humu hamna kitu tena. Bi harusi alikuja studioni na mama yake, akasikiliza maelezo yote mpaka mwisho, kisha akatema mate sakafuni mbele ya stuli na kuondoka. Bi Kisirani aliyapangusa mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuiamini picha iliyokaa mahali pamoja tu.

Ndiyo maana alikuwa na kisanduku. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ubavuni kilikuwa na upenyo wa kuingiza kadi ya kamera, na juu kioo chembamba kisichoonyesha picha bali namba tu. Unatia kadi, unabonyeza, nacho kinazivuta picha zote na kuziweka kwenye diski iliyo tumboni mwake. Hakikuhitaji kompyuta wala umeme wa ukutani, na betri yake ilitosha siku mbili. Enzi hizo simu nyingi zilikuwa za kupigia tu, na kadi ya kamera ikibeba picha mia mbili na kidogo imeshiba. Mtu mwenye kazi ya siku nyingi mbali na kompyuta alitembea na kadi tele mfukoni, au alitembea na kisanduku.

Kazi ya kilimani aliletewa na mdogo wake wa kiume. Mama yao alifariki mdogo wake huyo akiwa na miaka tisa, na Bi Kisirani ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa hizo hizo picha za pasipoti. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, msimamizi kwenye machimbo ya kokoto upande wa pili wa kilima. Alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Dada, kuna kazi. Nyumba sitini na moja, siku tisa. Kampuni inataka kulipua mwamba kwa baruti karibu na makazi, na ofisi ya kata imesema kila nyumba ipigwe picha kwanza, ili baadaye ijulikane ilikuwaje."

"Kwa nini mimi?"

"Wapiga picha watatu wamekataa."

"Kwa nini wamekataa?"

"Watu wa kule juu si wazuri."

"Hata mimi si mzuri."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema mdogo wake, na wote wawili hawakucheka.

Mhandisi wa kampuni alimpokea kwenye ofisi ya mabati pale machimboni. Alikuwa kijana mwenye buti safi kuliko buti za mtu yeyote mahali pale, na alizungumza huku akiangalia karatasi. Alimpa kisanduku cha kampuni, kipya, cha rangi ya fedha.

"Kila jioni unaniletea hiki, nanakili picha kwenye kompyuta yangu, asubuhi unakichukua. Piga nyufa. Kila ufa, kwa karibu. Ukuta usio na ufa hatuna haja nao."

"Na nyumba isiyo na ufa kabisa?"

"Tafuta. Hakuna nyumba isiyo na ufa."

Bi Kisirani hakupenda namna alivyoambiwa, lakini alikipokea kisanduku. Kwenye mkoba wake kilikuwemo kile cheusi pia. Hakukitaja kwa sababu hakuulizwa.

Kule juu walimpokea kama mgambo aliyekuja kuvunja vibanda. Nyumba ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akifua alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani. "Umekuja kupima tutafia chumba gani?"

"Nimekuja kupiga ukuta. Wewe sogea, hukuombwa uingie kwenye picha."

Mwanamke akainua beseni lake na kumwaga maji ya sabuni kizingitini, taratibu, yakamfikia mpiga picha kwenye viatu. Bi Kisirani aliyavuka na kuingia ndani. Wakati anatoka, mwanamke alikuwa bado amesimama palepale na beseni tupu, akimwangalia kama mtu anayekariri sura ya mwizi. Nyumba ya tatu walimfungulia mbwa. Nyumba ya sita mzee mmoja alimpa ruhusa ya kuingia, halafu akamfuata chumba hadi chumba akimtukania ukoo kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kama anayesoma dua. Alimaliza siku ya kwanza na nyumba kumi na nne, na katika hizo zote hakuna aliyemwambia karibu wala kwaheri. Naye alirudisha kila alichopewa. Mwenye nyumba ya tisa alimwambia nyumba yake ina ufa mmoja tu, nao umeingia leo umevaa viatu.

Siku ya pili alifika kwa mwalimu mstaafu. Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake mwenyewe miaka kumi na moja, na sebule ilikuwa na plasta laini iliyopigwa rangi ya maziwa, ukipitisha kiganja hukwami popote. Ufa ulikuwa mmoja, juu ya mlango wa jikoni, urefu wa kidole. Bi Kisirani akaupiga kwa karibu, akafunga lenzi.

"Umemaliza?" aliuliza mwalimu.

"Nimemaliza."

"Na sebule?"

"Haina ufa."

"Ndiyo nasema uipige."

"Nimeambiwa nyufa."

Mwalimu alivua miwani. "Mama, ukipiga picha kidonda cha mtu ukauacha mwili wake mzima, kesho akivunjwa mbavu utaonyesha nini? Utaonyesha kidonda, useme huyu alikuwa mgonjwa tangu zamani."

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungekuwa umeshaelewa."

Alitoka nje kwa hasira, akasimama kando ya tangi la maji. Kilichomchoma hasa ni kwamba yule mzee alikuwa amemshinda ndani ya kazi yake mwenyewe. Picha ya ufa peke yake haina mwenyewe. Inaweza kuwa ya nyumba yoyote, ya choo, ya ukuta wa makaburini. Yeye ambaye humrudisha mteja nyumbani kwa sababu sikio moja limefichwa na nywele alikuwa amepiga nyumba kumi na nne kwa vipande, kwa kuwa kijana mwenye buti safi alimwambia hivyo.

Akarudi ndani. Alimshika mwalimu mabega, akamsogeza pembeni kama kiti, akapiga kuta zote nne za sebule, kisha vyumba, kisha nyumba kwa nje, kona hadi kona. Na kuanzia hapo alipiga kila nyumba hivyo hivyo. Shida ilikuwa zile kumi na nne za jana, maana ilimbidi arudi kubisha kwa watu aliokwisha tukanana nao. Mwenye nyumba ya tisa alimfungulia akasema, "Umesahau tusi gani?" Mwanamke wa beseni alimwacha asimame juani mpaka nguo zote zikaanikwa, kisha akaingia naye ndani na kusimama kwenye kila picha kwa makusudi.

Kila adhuhuri alitafuta kivuli cha paa, akakaa chini na visanduku vyote viwili mapajani. Kwanza alitia kadi kwenye kile cha fedha, akangoja namba ifike mwisho. Kisha akaitoa na kuitia kwenye kile cheusi. Namba za vioo viwili zilipolingana, ndipo alipofuta kadi na kuanza upya. Wapita njia walimwona akibonyeza vidude wakasema anatuma habari zao kwa kampuni. Hakuwakanusha.

Siku ya nne jioni mhandisi alimwita kwenye kompyuta.

"Hizi ni nini?"

"Kuta."

"Nilisema nyufa."

"Nyufa ziko ukutani. Ulitaka nizing'oe?"

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikohoa. Mhandisi alirudisha macho kwenye kioo. "Haidhuru. Tutazichuja."

"Kuchuja vipi?"

"Hiyo si kazi yako."

Neno lile, kuchuja, alilisikia vizuri. Alilala nalo, akaamka nalo, akaendelea kupiga picha. Siku ya tisa alikabidhi kisanduku cha fedha, akamtaka mhandisi aandike kwenye karatasi idadi aliyopokea: picha elfu mbili mia moja na arobaini. Mhandisi alitia sahihi bila kusoma. Bi Kisirani akarudi mjini, akakitia kisanduku chake kwenye droo ya studio pamoja na kulabu za pazia, akaendelea kuwazimia watu taa.

Miezi mitatu ikapita. Baruti za machimboni zilikuwa zikisikika mpaka studioni, kioo kikitetemeka ukutani, na kila kilipotetemeka alijikuta anatazama droo, kisha anatazama kwingine. Alijiambia kwamba hajaitwa na mtu. Alijiambia pia kwamba mdogo wake ana watoto watatu.

Waliokuja ni mwalimu na mwanamke wa beseni. Hawakubisha hodi.

"Futeni miguu," alisema.

"Miguu yetu ina vumbi la nyumba zetu," alijibu mwanamke. "Sebule ya mwalimu imepasuka kutoka dirishani mpaka kwenye dari. Chumba cha wanangu unaona nje ukiwa kitandani. Tumekwenda kata, kampuni imeleta kitabu. Picha tupu za nyufa, ukurasa kwa ukurasa, na chini ya kila moja pameandikwa jina lako. Wanasema nyumba zetu zilikuwa mbovu tangu zamani, na shahidi wao ni wewe."

Mwalimu hakuwa amekaa. "Nilikuona kwa macho yangu ukipiga sebule yangu. Ulinisukuma ukaipiga. Picha hiyo iko wapi?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema alizikabidhi kwa kampuni, na ingekuwa kweli. Alifungua droo.

Betri ilikuwa imekufa. Akaichomeka kwenye chaja, na watatu wale wakangoja. Hakuna aliyepewa chai. Mwanamke alisimama akiangalia picha za watu asiowajua zilizobandikwa ukutani, mwalimu akaangalia saa yake kama msimamizi wa mtihani. Kioo cha kisanduku kilipowaka, Bi Kisirani aliunganisha waya kwenye kompyuta, na sebule ya mwalimu ikatokea: kuta nne, rangi ya maziwa, tarehe pembeni. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha ikatokea nyumba ya mwanamke, na yeye mwenyewe katikati ya kila chumba, kakunja uso, na nyuma yake kuta zisizo na alama.

"Nimependeza," alisema, kwa sauti kavu.

Ilichukua zaidi ya saa nzima kuzinakili picha kwenye kompyuta na kwenye CD sita. Mwalimu alizifunga ndani ya leso, akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mlangoni aligeuka. "Kesho kutwa, saa tatu, ofisi ya kata. Utakuja, au nitasema nimeokota?"

"Nitakuja. Sasa tokeni, nina wateja."

Hakuwa na mteja hata mmoja.

Kesho yake asubuhi alikuja mdogo wake. Alifunga mlango wa studio kwa nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, nipe kisanduku."

"Kipi?"

"Usinichezee. Mhandisi anajua mwalimu alikuwa hapa. Anasema picha zote ni mali ya kampuni."

"Za kampuni nimewapa. Karatasi ninayo."

"Nisipokipeleka, Jumatatu sina kazi. Watoto wangu watatu, wewe ni shangazi yao. Unataka niwaambie nini? Kwamba shangazi yenu amewapenda zaidi watu waliommwagia maji machafu?"

Bi Kisirani alimtazama. Alikuwa amemfunga vifungo vya shati la shule kwa miaka mingi, na hata sasa aliona kola imekaa upande. Hakuinua mkono kuirekebisha.

"Ulijua walichuja?"

Mdogo wake alitazama pazia.

"Nimekuuliza."

"Nilijua."

"Nani alichuja?"

"Mhandisi hajui nyumba ipi ni ya nani. Nilikaa naye. Nilikuwa namwambia hii toa, hii acha."

"Na jina langu ukaliandika wewe."

"Liliandikwa na mashine."

Alikiona kisanduku mezani karibu na kompyuta, akakinyakua. Bi Kisirani hakujaribu kumzuia.

"Chukua," alisema. "Picha ziko pia kwenye kompyuta, na mwalimu anazo kotini. Tangu yule bi harusi ateme mate hapo uliposimama, mimi siweki picha mahali pamoja. Wewe ulikuwepo siku ile. Ulishika ndoo."

Mdogo wake alisimama na kile kitu mkononi, kisicho na faida tena kwa mtu yeyote. Kisha akakipiga sakafuni kwa nguvu zake zote. Kifuniko kiliruka, diski ikatoka na kujibingirisha mpaka chini ya pazia.

"Mama angekuwa hai," alisema.

"Angekuchapa. Mimi nilikuachia mno."

Ofisi ya kata ilijaa mpaka dirishani. Afisa aliweka kitabu cha kampuni upande mmoja na kompyuta upande wa pili, akafungua ukurasa wenye ufa ulio juu ya mlango wa jikoni wa mwalimu, kisha akafungua picha ya sebule iliyopigwa dakika chache baadaye. Alitazama huku na huku kwa muda. Mhandisi alisema tarehe za picha zinaweza kubadilishwa na mtoto yeyote mwenye kompyuta.

Bi Kisirani hakuomba nafasi ya kusema. Alisimama tu. "Nilikukabidhi picha elfu mbili mia moja na arobaini. Sahihi yako hii hapa. Kitabu chako nimekihesabu, kina mia tatu themanini na nane. Leta kisanduku chako cha fedha tukifungue hapa mbele ya watu. Zikiwa humo hizi za kuta nzima, zangu ni za kweli. Zikiwa hazimo, tuambie umezipeleka wapi."

Mhandisi alisema kisanduku kiko makao makuu. Afisa akasema basi machimbo yatangoja mpaka kitakaporudi. Hakikurudi. Baada ya wiki tano kampuni ikakubali kutengeneza nyumba zote zilizopasuka na kuacha baruti upande ule wa kilima. Mafundi wakapanda na saruji. Mhandisi alihamishiwa kwingine na buti zake, safi vilevile. Msimamizi, mdogo wake Bi Kisirani, aliachishwa kazi.

Siku ile ya ofisi ya kata, watu walipokuwa wakitoka, hakuna aliyempa Bi Kisirani mkono isipokuwa mwalimu, naye alisema, "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa nusu ya alama." Mwanamke wa beseni alimngoja nje, uso ule ule wa kwenye picha.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu wanangu wanalala chini ya dari linalomwaga mchanga, na wewe unazo kwenye droo."

Bi Kisirani hakuwa mtu wa kukosa jibu. Aliyafikiria majibu mawili matatu, yote makali, yote ya uongo.

"Nilikuwa nazo," alisema.

Mwanamke akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mdogo wake hakuja studioni miezi saba. Watoto walikatazwa kupita barabara ile, na wakikutana na shangazi yao sokoni walimsalimia haraka, macho chini. Alisikia kwa watu kwamba mdogo wake anauza vipuri vya pikipiki, kisha kwamba ameacha, kisha kwamba anaomba kazi kampuni ya kujenga barabara, mbali sana, safari ya siku mbili.

Mchana mmoja mlango ukafunguliwa. Mdogo wake alifuta miguu, akaenda moja kwa moja kwenye stuli, akakaa mbele ya pazia la buluu. Alikuwa amekonda.

"Pasipoti. Nne," alisema, kama anayeongea na mtu baki.

Bi Kisirani akawasha taa zote mbili. Alimtazama kupitia kamera kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kola ilikuwa imekaa upande. Alitoka nyuma ya kamera, akainyoosha, akarudi.

"Inua kidevu," alisema. "Usinikunjie uso, watairudisha."

Hakuacha kuukunja. Naye akampiga picha hivyo hivyo.